Mlinde Binti Kwanza, Kisha Uisome Sehemu ya Tisa

Swali: Mimi na wenzangu wawili tunasimamia kundi la WhatsApp la simulizi za mashabiki lenye wanachama wapatao 400, wengi wao wakiwa hapa Dar es Salaam. Tunaandika mwendelezo wa tamthiliya ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Wahusika ni walewale, ila tumewahamishia Tandale, Kigamboni na vijiji vya Kanda ya Ziwa. Mwezi uliopita mtunzi wetu anayependwa kuliko wote alirusha sehemu ya tisa, ambamo bibi kizee mwenye macho mekundu anachomewa nyumba na wanakijiji, na mhusika mwenye ualbino anaitwa “dili”. Usiku uleule wasomaji kadhaa wakaanza kumwita hivyo binti mmoja mwenye ualbino aliyemo kundini, hata akatoka kimya kimya. Wenzangu wanataka tutunge orodha ya maneno yaliyokatazwa na kufuta simulizi yote. Mtunzi na mashabiki wake wanasema ni sanaa, na kwamba tukifuta tumeua kundi. Nimekuambatanishia sehemu yenyewe. Tufanye nini? — Msomaji wa Mbagala

Jibu:

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara jicho langu limetua mahali palepale: kwenye maneno yako kwamba binti alitoka “kimya kimya”. Umeniuliza kuhusu simulizi, nami nitakujibu kuhusu simulizi kwa urefu, lakini sitaki tuanzie huko. Katika kundi lako yametokea mambo mawili kwa usiku mmoja, na mabishano mliyo nayo sasa, hawa wakisema futeni na wale wakisema ni sanaa, yanatokana na kuyachukua mambo hayo mawili kana kwamba ni moja. La kwanza ni watu kumshambulia mtu. La pili ni mtunzi kuandika simulizi yenye chuki. La kwanza halina mjadala wa sanaa ndani yake hata kidogo, na linataka mkono wa haraka. La pili linataka kusomwa kwa utulivu, na haraka hulivuruga.

Basi kabla hujaifungua tena sehemu ya tisa, shughulikeni na usiku ule. Pigeni picha za skrini za maoni yote yaliyomlenga binti, zikionyesha namba, tarehe na saa, mzihifadhi mahali ambapo ninyi watatu tu mnaziona. Kisha yafuteni maoni hayo kwa wote. WhatsApp imewapa wasimamizi uwezo huo tangu 2022, na kuyaacha yakae kwa hoja ya kuweka kumbukumbu ni kumwacha aliyetukanwa aendelee kutukanwa kila mtu anapopitisha kidole juu yake. Lifungeni kundi kwa siku mbili ili wasimamizi pekee waandike. Waliomwita “dili” kwa kumtaja au kwa kuujibu ujumbe wake watoeni, bila kikao kirefu. Waliotuma emoji za kucheka waandikieni mmoja mmoja, faraghani, mkawaambie mlichokiona na kwamba kikirudiwa nao watatoka.

Halafu mmoja wenu, yule mwenye mazoea naye zaidi, ampigie simu. Nasema apige, asiandike, kwa sababu ujumbe wa maandishi unaweza kusomwa kama tangazo, na sauti ya mtu haiwezi. Asimwombe arudi, wala asimweleze kwamba mtunzi hakukusudia. Amwambie mmeona, mmefuta, waliohusika wametoka, na mlichelewa. Kisha amuulize angependa mfanye nini na msifanye nini, na hapo anyamaze asikilize. Kundini msimtaje jina. Nimewahi kuona makundi yakiomba radhi hadharani kwa shangwe kubwa kiasi kwamba aliyeonewa akawekwa jukwaani kwa mara ya pili, watu 400 wakimtazama kama atasamehe.

Kuna wanachama watakaokuambia kwamba “dili” ni neno la mtaani tu. Ni kweli, kila siku Kariakoo watu wanapiga dili za simu, za vitenge na za viwanja. Lakini tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino katika nchi hii wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri, na neno hilo limekuwa likirushwa barabarani mtu mwenye ualbino anapopita. Anayeitwa hivyo anaambiwa kwamba mwili wake una bei. Sijui tusi la Kiswahili lililo zito kuliko hilo, na halina hata herufi moja ya matusi.

Ndiyo maana siungi mkono orodha ya maneno inayotakiwa na wenzako, ingawa naielewa nia yao, kwa kuwa niliwahi kuitunga yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia jukwaa la watunzi chipukizi, nikakaa jioni nzima nikiandika maneno 62 ambayo mfumo ungeyaficha wenyewe, na la kwanza kabisa lilikuwa “zeruzeru”. Wiki ya tatu mwanamke mmoja aliandika kisa cha utoto wake, jinsi wenzake walivyomwita jina hilo kuanzia darasa la kwanza, na jinsi mwalimu mmoja alivyomhamishia dawati la mbele kabisa kwa sababu hakuliona vizuri lililoandikwa ubaoni. Mfumo ukamficha. Wiki hiyohiyo ilipita simulizi nyingine, imeandikwa kwa Kiswahili laini, isiyo na neno hata moja la orodha yangu, ikieleza kwamba watu wa kabila fulani hawana shukrani kwa kuwa ndivyo walivyozaliwa, na ikasifiwa sana. Mwanamke yule aliniandikia mstari mmoja: “Hata jina nililoitwa mimi, siruhusiwi kulisema?” Niliifuta orodha usiku huo, lakini hakuandika tena pale.

Kosa langu lilikuwa dogo ukililinganisha na lililowahi kufanyika katika ulimwengu wa simulizi za mashabiki. Mwishoni mwa Mei 2007 tovuti ya LiveJournal, ambako mashabiki wengi walikuwa wakiandikia, ilifungia kwa mkupuo mamia ya akaunti kwa kuangalia maneno yaliyoorodheshwa katika wasifu wake. Miongoni mwa zilizofungiwa yalikuwamo makundi ya kusaidiana ya watu walionusurika unyanyasaji wa kingono, kwa sababu nao, bila shaka, walitaja neno lililowaumiza. Kampuni iliomba radhi na akaunti nyingi zikarudishwa, lakini somo limebaki: neno haliwezi kutueleza kama anayelitamka ni mpigaji au ni aliyepigwa.

Na upande wa pili wa shilingi tunao hapahapa Afrika Mashariki. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo 1993, iliwaita Watutsi “inyenzi”, yaani mende. Ni neno la jikoni. Mtoto hulitamka mbele ya bibi yake bila kukemewa. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilipotoa hukumu katika kesi ya watu wa vyombo vya habari walioshtakiwa kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994, Desemba 2003, ililazimika kuangalia neno hilo lilisemwa na nani, wakati gani, kwa nani na kwa lengo gani. Hakuna orodha ambayo ingelikamata.

Sasa twende kwenye simulizi. Mwaka 2012 wataalamu walioitishwa na Umoja wa Mataifa walikubaliana mjini Rabat juu ya vigezo sita vya kupima kauli za uchochezi, baada ya warsha za kikanda ambazo mojawapo ilifanyika Nairobi mwaka uliotangulia. Vigezo vyenyewe ni mazingira, nafasi ya msemaji, nia yake, maudhui na umbo la kauli, upana wa usambaaji wake, na uwezekano wa madhara kutokea. Vilitungwa kwa ajili ya kesi za jinai, na simulizi ya kundi lako haijafika huko, lakini vinasaidia kuuliza maswali kwa mpangilio. Mtunzi wako anapendwa, kwa hiyo neno lake lina uzito. Mazingira ni nchi ambamo vikongwe wameuawa kweli kwa ajili ya macho mekundu. Madhara yametokea tayari, usiku uleule, kwa mtu mmoja tunayemjua. Hayo yanatosha kukuonyesha kwamba kusema “ni simulizi tu” si jibu.

Hata hivyo simulizi ni simulizi, na ina namna yake ya kusema jambo ambayo vigezo vya kisheria havioni. Hapo ndipo mimi kama mhariri hutaka kukaa na maandishi yenyewe. Nimeisoma sehemu ya tisa. Mtunzi ana kipaji, tusimnyime. Sentensi yake, “Moto ulipolamba paa, kijiji kikapumua,” ni sentensi ambayo wengi wetu tungetamani kuiandika. Nyumba kuchomwa si kosa. Fasihi yetu isiyoweza kuonyesha nyumba ya kikongwe ikiungua haiwezi pia kutuonyesha aliyewasha kiberiti. Tatizo ni kwamba simulizi inapumua pamoja na kijiji. Aya inayofuata, mtoto aliyekuwa mahututi kwa homa anafumbua macho na kuomba uji. Hapo mtunzi ametoa ushahidi: katika ulimwengu alioutunga yeye, bibi alikuwa mchawi kweli, na kumchoma kulikuwa tiba. Msimulizi hahitaji tena kusema lolote baya, maana matukio yamekwisha kusema kwa niaba yake.

Angalia pia nani amepewa mdomo. Mwenyekiti wa kijiji ana jina, mama wa mtoto ana jina, hata mbwa wa mwenyekiti ana jina. Bibi hana jina, hana neno hata moja, ana macho tu. Na hayo macho, katika maisha halisi ya Shinyanga, Mwanza na Geita, ni mekundu kwa sababu mama amepuliza moto wa kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha. Mtunzi angeweza kuuandika moto uleule, kijiji kilekile na homa ileile, akaonyesha jirani anayelitamani shamba la bibi akiwa wa kwanza kutamka neno “mchawi”, maana tuhuma za namna hiyo mara nyingi huficha ugomvi wa ardhi na urithi. Angeonyesha chuki yote, bila kuipunguza, na msomaji angetoka akiwa ameielewa badala ya kuwa ameishangilia.

Lakini alama iliyonishtua kuliko zote ni ndogo mno, nayo imo katika sarufi. Mtunzi ameandika: “Dili likapita mbele ya duka, likainamisha kichwa.” Soma viambishi. Kiswahili kina heshima moja kubwa ambayo hatuifundishi kama heshima, tunaifundisha kama upatanisho wa kisarufi: kiumbe chenye uhai hupewa a- na wa-, hata kama jina lake limevaa umbo la kitu. Tunasema kiongozi amesema, kijana ameondoka, kipofu amefika. Lugha yenyewe imeamua zamani kwamba mtu hatatendewa kama kiti, na mtunzi anayeandika “likapita” ameiondoa heshima hiyo kwa makusudi, akamhamisha mtu kutoka upande wa watu hadi upande wa vitu. Kadhalika kwa bibi: “Kizee kilikuwa kimekaa mlangoni.” Sisemi kwamba kila ki- na li- ni tusi. Mama husema “kitoto kimelala” kwa mapenzi, na majitu ya ngano zetu yana haki ya viambishi vyao. Ila pale ambapo msimulizi anawapa wahusika wote a- na kumnyima mmoja tu, na mmoja huyo ni mwenye ualbino, au ni kikongwe, au ni Mhindi, au ni mtu wa kabila fulani, basi chuki imeingia hadi kwenye mfupa wa sentensi. Programu za kuchuja zilizotengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine haziwezi kuliona hilo. Ninyi wasimamizi mnaweza, na ndiyo sababu nasisitiza usomaji wa binadamu anayeijua lugha.

Kingine mtakachoambiwa ni kwamba ule ulikuwa utani. Hili lisipuuzwe, kwa sababu utani ni mali yetu na una kazi njema. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana kwa vizazi, hata msibani, na mtani huruhusiwa kusema asichoruhusiwa ndugu. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 tunaziita watani wa jadi, na nusu ya simulizi za mashabiki wa mpira ninazopokea zimejengwa juu ya utani huo. Lakini utani una masharti. Pande zote mbili zinajua kwamba ni watani. Anayetaniwa ana haki ya kujibu kwa uzito uleule. Na wote wawili wanaonana usoni, hivyo anayezidisha huuona uso wa mwenzake ukibadilika akaacha. Katika kundi la watu 400, ambapo kumi na tano wanamwandikia mmoja jambo lilelile usiku wa manane, hakuna hata sharti moja lililobaki. Na hakuna utani wa jadi baina ya wenye ualbino na wasio nao. Haukuwahi kuwapo, kwa hiyo hauwezi kudaiwa.

Vijembe navyo ni jambo jingine. Tuliokulia kwenye taarabu tunajua raha ya mpasho uliotungwa ukatungika, na mashabiki wa wahusika wawili wanaogombana hupigana vijembe hadi alfajiri. Kipimo changu hapo ni chepesi: kijembe humpiga mtu kwa alichofanya, na chuki humpiga kwa alivyozaliwa. “Mtunzi wako ameishiwa, sehemu ya nane ilikuwa maji ya kunawia” ni kijembe, kikae. Ikifuatiwa na “unategemea nini kwa watu wa pwani”, imevuka.

Huenda mtunzi atawatajia Archive of Our Own, hifadhi kubwa ya simulizi za mashabiki inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la Organization for Transformative Works. Ilifunguliwa kwa umma 2009, ikapata Tuzo ya Hugo 2019, na ina kazi zaidi ya milioni 10. Msimamo wao ni kupokea karibu kila simulizi isiyovunja sheria, hata iwe ya kuchukiza, kwa sharti kwamba mtunzi aweke maonyo makuu, kama vile ukatili wa wazi, ubakaji au kifo cha mhusika mkuu, au atamke wazi kwamba ameamua kutoonya. Msomaji naye hupewa vichujio vya kuepuka asichokitaka. Kumnyanyasa mtu, hata hivyo, kumekatazwa. Ni msimamo ninaouheshimu, kwa kuwa ulitokana na watu waliochoka kufutiwa kazi bila maelezo. Lakini hata huko haujamaliza ugomvi. Katika maonyo yale makuu hakuna la ubaguzi wa rangi, na mashabiki weusi na wengine wasio wazungu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mzigo wa kukwepa chuki umewaangukia wao. Juni 2020 shirika lilitoa tamko la kuahidi hatua, zikiwamo zana za kuwawezesha watumiaji kuzuiana, na Mei 2023 mashabiki waliendesha kampeni ya kulidai litimize ahadi zilizobaki.

Zaidi ya hayo, msimamo ule umesimama juu ya kitu ambacho ninyi hamna, nacho ni rafu. Ukienda Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kitabu kinakusubiri mahali pake. Ukikitaka unakinyanyua, usipokitaka unapita. “Hupendi, usisome” ni kauli ya haki mahali penye rafu. WhatsApp haina rafu. Sehemu ya tisa haikumsubiri binti yule, ilimwingilia kwenye simu yake saa nne usiku, katikati ya salamu na picha za harusi, na kwa kuwa alikuwa ndani ya kundi, alikuwa mbele yake kabla hajachagua. Kanuni ya hifadhi haiwezi kuhamishwa kama ilivyo ikapelekwa sebuleni.

Kwa hiyo jengeni rafu. Hili ndilo badiliko moja la kiutaratibu ambalo ningelifanya kabla ya mengine yote. Kundi libaki la mazungumzo, na kila simulizi iwe na chaneli yake ya Telegram, au ukurasa wake Wattpad, ambako mtunzi pia anaweza kufuta maoni na kuwanyamazisha wasumbufu. Kundini irushwe jina la simulizi, namba ya sehemu, kiungo, na mstari mmoja wa onyo ulioandikwa kwa Kiswahili cha wazi: “Sehemu hii ina mauaji ya kikongwe kwa tuhuma za uchawi.” Onyo lisiwe la mafumbo wala la kutamanisha. Na lisichukuliwe kuwa kibali: linamweleza msomaji kilichomo, halibadilishi kile ambacho simulizi inahubiri.

Kuhusu mtunzi mwenyewe, ongea naye faraghani, na uongee naye kama mtunzi. Watu wa aina yake wamezoea kusifiwa na kutukanwa, lakini ni nadra sana kusomwa kwa makini. Ningemwandikia hivi:

“Kaka, sehemu ya tisa nimeisoma mara mbili. Sentensi ya moto na paa nimeipenda mno. Nina mambo matatu ya kukuuliza. Kwa nini mtoto anapona baada tu ya bibi kuchomwa? Kwa nini bibi hana jina? Na kwa nini umeandika ‘likapita’ kwa mtu? Yaliyotokea kundini usiku ule unayajua. Sikulaumu kwa maneno ya wengine, ila waliokota neno kwenye ukurasa wako. Tumeiondoa sehemu hii kwa sasa wakati tunazungumza, na sehemu ya kumi haitarushwa kundini mpaka tumalize.”

Ona kwamba ujumbe huo haumwambii kuwa ni mtu mbaya. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na idadi kubwa ya watunzi walioandika jambo la chuki hawakuwa na ajenda. Walikuwa wamebeba masimulizi waliyoyasikia utotoni wakayaweka kwenye ukurasa bila kuyageuza upande wa pili. Akikubali kuandika upya, mpe muda na umsaidie. Akisema anataka bibi awe mchawi kweli kwa kuwa ni simulizi ya kutisha, bado kuna njia: ampe jina, ampe nguvu na sauti, mtoto asipone kwa moto, na viambishi virudi mahali pake. Simulizi za kutisha zimeishi miaka yote bila kuhitaji kumshukuru aliyechoma. Akikataa katakata, mwambie kwa heshima kwamba kundi lenu halitairusha, na kwamba yuko huru kuiweka kwake kwa jina lake. Mashabiki wake wengine wataondoka naye. Hilo litauma, na idadi ya wanachama itashuka, lakini hukuanza kundi ili ulinde idadi, na aliyetoka wa kwanza alikuwa msomaji vilevile.

Sheria nitaigusa kwa kifupi, kwa kuwa mimi ni mhariri, si wakili. Katiba yetu inalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 18 na inakataza ubaguzi katika ibara ya 13. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa maudhui ya ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya wageni katika kifungu cha 17, matusi yenye msukumo huohuo katika kifungu cha 18, na unyanyasaji wa mtandaoni katika kifungu cha 23. Uamuzi wa kwenda polisi ni wa binti, si wenu. Kazi yenu ni kuzitunza zile picha za skrini zikiwa kamili ili akizitaka azipate. Namba yake na zao msizisambaze popote, hata kwa hasira ya haki, kwa sababu taarifa za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kukitokea tishio la kumdhuru mwilini, hapo msingoje chochote: mpigieni yeye kwanza, kisha polisi, saa hiyohiyo.

Nanyi watatu mjilinde pia. Mwaka 2022 watu wanaojitolea katika Organization for Transformative Works walitumiwa barua pepe zenye picha za unyanyasaji wa watoto, kwa lengo la kuwaumiza tu. Msimamizi hupokea uchafu ambao wanachama hawauoni, na anayeupokea peke yake kila usiku hufika mahali akawa hasikii tena uzito wa neno, au akaanza kufuta kila kitu. Gawaneni zamu. Uamuzi wa kumtoa mtu au kuzuia simulizi ufanywe na wawili kati yenu watatu, na uandikwe kwenye daftari la kawaida: tarehe, kilichotokea, mlichoamua, na sababu kwa sentensi mbili. Mwaka ujao mtunzi mwingine atakapouliza kwa nini yake imezuiwa na ya fulani haikuzuiwa, mtafungua daftari mkamwonyesha, na pale mtakapokuta mlikosea mtajua mlikosea wapi.

Kanuni za kundi nazo ziwe fupi, zisizidi kile kinachosomeka kwenye skrini moja ya simu, na zitangazwe siku mnayolifungua kundi tena, bila kutaja kisa cha mtu yeyote. Mtakachohitaji kusema ni kwamba mwanachama hashambuliwi kwa alivyozaliwa, kwamba simulizi inaweza kuonyesha chuki lakini haitarushwa ikiitukuza, kwamba kila sehemu yenye ukatili ina onyo, na nani apigiwe simu jambo likitokea.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza, nami naliogopa kwa kuwa nimeliona likifanyika kwa nia njema. Mtunzi akishaandika upya, msimpelekee binti yule asome na kuthibitisha kwamba sasa ni sawa. Kazi hiyo ni yenu, au ya msomaji mwingine aliyekubali mwenyewe kuifanya. Yeye hakujiunga na kundi lenu ili awe mkaguzi wa heshima yake mwenyewe. Alijiunga kwa sababu alitaka kujua wale wapendanao wa Kigamboni watafika wapi. Akitaka kuisoma sehemu ya tisa mpya, au ya kumi, ataiomba mwenyewe, na namba ya mmoja wenu atakuwa nayo.